Namna ya Kuficha Aibu ya Mbao Bila Kujiaibisha

Kwanza, weka vanishi chini. Najua mkono unakuwasha, na kastama wa Umoja amesimama hapo anauliza kitanda kitakuwa tayari saa ngapi. Akae kwenye benchi anywe chai.

Kitanda kimebonyea kikipakuliwa kutoka kwenye mkokoteni? Usikimbilie fila, kimbilia pasi. Kwangua vanishi pale palipobonyea, tandika kitambaa kilicholowa maji, gusa kwa pasi ya moto sekunde chache, inua, tazama, rudia. Nyuzi zilizobanwa hunywa mvuke zikafura. Mafundi wa bunduki hufanya vivyo hivyo kwenye vitako vya mbao, na pasi haikosekani Buruburu. Nyuzi zilizokatwa, hizo hazifufuki kwa mvuke. Hapo ndipo fila ina kazi.

Fila nzuri haitoki dukani. Okota unga laini unaobaki baada ya kupiga msasa mbao ile ile, si vumbi la msumeno, uchanganye na gundi nyeupe. Jaza ufa hadi upite usawa kidogo, maana gundi ikikauka hunywea. Kesho yake piga msasa kufuata njia ya nyuzi, namba 120 kisha 240. Angalia hapa, ndipo wengi wanapoumbuka: gundi iliyokauka haishiki rangi. Tia rangi ndani ya fila kabla ya kuijaza, la sivyo saiprasi yako ya rangi ya mahogani itakuwa na baka jeupe kama kidonda kilichopona vibaya. Na mwambie mnunuzi ni saiprasi. Ni mbao ya heshima, haihitaji jina la kuazima.

Tundu dogo la bungua lina mwenyewe. Gonga ubao juu ya gazeti. Unga mpya ukidondoka, mdudu yumo anakula. Ukiziba tundu umemfungia mlango akiwa ndani. Dawa kwanza, subiri wiki kadhaa, gonga tena.

Mafundi wa Gikomba, nawaomba jambo moja: ubao mbichi msiuzibe ufa. Utamalizia kukauka Kayole, katika chumba kimoja, fila ikidondoka na ufa ukifunguka chini ya mama na watoto wawili waliolala. Rudisheni huo ubao kwenye rundo ukauke.