Sifa za Kiungo Kilichokufa

Wafasaha wa kale hawakuona haya kuutumia ufasaha wao katika kusifu vitu ambavyo watu wote huviona dhalili au karaha. Lucian wa Samosata alimtungia nzi sifa zake. Synesius wa Cyrene aliusifu upara, na upara huo ulikuwa wa kichwa chake mwenyewe. Na Erasmus wa Rotterdam, katika kitabu kilichotoka mwaka 1511, aliupandisha Upumbavu mimbarini ukajisifu kwa kinywa chake. Maadamu njia hiyo imekwisha kukanyagwa na wakubwa, haitakuwa ufidhuli nami nikisimama kumtetea kiumbe mmoja wa zama zetu ambaye kila amtajaye humtaja kwa msonyo, wala sijapata kusikia mtu akimwombea rehema: kiungo cha intaneti kilichokufa, yaani yale maneno ya samawati yaliyopigiwa mstari ambayo ukiyabofya kwa matumaini ya kupata elimu, habari au bei ya godoro, hukutupa mahali patupu, ukalakiwa na tarakimu 404 na taarifa ya kuwa ukurasa unaoutafuta haupatikani.

Ada ya sifa ni kuanza na nasaba, na nasaba ya msifiwa wetu ni ya kiungwana. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Ted Nelson alibuni maandishi ya kompyuta yanayoungana, na katika mradi wake wa Xanadu alitaka kila kiungo kijulikane ncha zake zote mbili, kwa anayeelekeza na kwa anayeelekezwa, ili pasiwe na kiungo kinachopotea. Tim Berners-Lee, alipoandika pendekezo lake mwezi Machi 1989 katika maabara ya CERN kule Geneva, akaja kushika njia nyingine: mtu yeyote aweze kuelekeza kwenye ukurasa wowote bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na bila kuliandikisha jambo hilo katika daftari la mtu yeyote. Kwa uamuzi huo wavuti ilienea dunia nzima, ilhali Xanadu iliendelea kusubiriwa miaka na miaka. Lakini asiyeombwa ruhusa hana wajibu wa kuaga. Mwenye ukurasa akihama, akifilisika, akichoka au akifariki, wale wote waliokuwa wakielekeza wageni kwake hawapati habari, nao huendelea kuwatuma watu kwenye mlango usio na nyumba. Kiungo kilichokufa, basi, ni mtoto halali wa uhuru, na asiyemtaka mtoto huyo na akubali kurudi kwenye kibali na muhuri. Baba mwenyewe, Berners-Lee, alijaribu kumrudi mwanawe mwaka 1998, alipoandika makala ya kuwasihi wenye tovuti wasizibadilishe anwani zao ovyo. Walimwengu wakamsikiliza kwa taadhima kubwa, kisha wakaendelea kuzibadilisha.

Baada ya nasaba hufuata jamaa, na huyu jamaa zake hawahesabiki. Watafiti wa Pew Research Center wa Marekani walitangaza mwaka 2024 kuwa katika kila kurasa 100 zilizokuwapo mwaka 2013, kurasa 38 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye. Tena walisema kwamba zaidi ya nusu ya makala za Wikipedia ya Kiingereza walizozichunguza, asilimia 54, zilikuwa na angalau kiungo kimoja katika marejeo yake kinachoelekea kwa marehemu. Mara nyingine hufa kimoja kimoja, kwa ajizi ya mtu aliyesahau kulipia jina la tovuti yake. Mara nyingine hufa kabila zima kwa siku moja, kama ilivyokuwa Oktoba 2009, Yahoo ilipoifunga GeoCities na kurasa za mamilioni ya watu zikaondolewa. Na mara nyingine mkono wa serikali umo, kama Tanzania mwaka 2018, ambapo kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu akate leseni kwa ada, na baadhi ya wanablogu wakaona ni nafuu kunyamaza. Mwenye ukoo mkubwa kiasi hiki hawezi kuitwa mnyonge.

Tabia yake je? Kwanza ni msema kweli, na kweli yake ina staha. Katika kanuni za mawasiliano ya seva ipo tarakimu 410, ambayo ni kama cheti cha kifo: kitu kimeondoka, wala kisitarajiwe. Ipo 301, ambayo humshika mgeni mkono ikampeleka kwenye makao mapya. Msifiwa wetu, 404, hasemi kwamba mwenyeji amekufa wala kwamba amesafiri. Husema tu kwamba hayupo, akakuachia wewe heshima ya kuhuzunika au kungoja. Mlinganishe na yule mnafiki ajulikanaye na mafundi, ukurasa ambao umekwisha kufa lakini seva yake hujibu kwa tarakimu 200, yaani hapana neno, kila kitu ni salama, hali mgeni aliyefuata mwongozo wa dawa ya mbu ameletwa mbele ya ukurasa wa mbele wa duka la viatu. Baina ya anayekiri umaskini wake mlangoni na anayekukaribisha mezani pasipo chakula, mwenye insafu atajua ni nani wa kumpa mkono.

Pili, huwafundisha wakubwa tawadhua. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, ametuachia kisa cha kadhi wa mji huo aliyekuwa na haiba ya ajabu, akikaa barazani pake siku nzima asigeuze shingo wala asiegemee kitu, hata nzi mmoja alipotua juu ya pua yake, kisha akahamia pembeni mwa jicho, na kadhi akastahimili, akastahimili, mwisho akapepesa kope, akapunga mkono, akapunga na ncha ya mkono wa joho lake, akakiri mbele ya watu kuwa ameshindwa na kiumbe dhaifu kabisa. Kazi ile iliyofanywa na nzi, leo hufanywa na kiungo kilichokufa. Mwaka 2011 Jaji Samuel Alito wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la michezo ya video yenye ukatili, alitaja katika tanbihi ya maoni yake anwani ya tovuti moja kuwa ni ushahidi. Muda wa jina la tovuti ile ukaisha bila kulipiwa, mtu mwenye mzaha akalinunua, akaweka pale ujumbe wa kumwambia msomaji afurahi kuwa si yeye aliyeitegemea anwani ile katika vitabu vya mahakama, kama alivyofanya mheshimiwa. Hakuwa peke yake: uchunguzi uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu nusu ya viungo vilivyomo katika hukumu za mahakama ile havikufikisha tena kwenye maneno yaliyokusudiwa. Hukumu haikatiwi rufani, lakini tanbihi yake imeshindwa na mtu aliyesahau ada ya mwaka.

Fadhila ya tatu ndiyo kubwa, na kwa ajili yake hasa nimeushika wino: kiungo kilichokufa huwapa watu riziki, na huwapa kwa namna ambayo tamaa yao hugeuka khidma. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi wa Stanford, waliona kuwa kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni ushahidi wa heshima, na mwaka 1998 wakaisimamisha Google juu ya rai hiyo: ukurasa unaoelekezewa na wengi, hasa na wenye kuelekezewa na wengi, upande juu katika majibu ya utafutaji. Tangu siku hiyo kiungo kikawa mali, na maadamu ni mali kikapata wanunuzi, wezi, waombaji na madalali. Wako waliojaza maoni yasiyo na maana chini ya makala za watu ili kuacha anwani zao. Wako waliojenga mamia ya tovuti bandia zinazosifiana zenyewe kwa zenyewe. Hata mwaka 2012 Google ikatoa kipimo kipya ilichokiita Penguin, na biashara nyingi za namna hiyo zikaanguka kutoka ukurasa wa kwanza hadi mahali ambapo hapana mtu afikaye. Ndipo waungwana wa kazi hii walipokithamini kiungo kilichokufa, kwa kuwa ndicho kilichowapa sababu ya kubisha hodi bila kubeba bakuli.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa asali na mizinga pale Tabora, mwenye tovuti nzuri isiyotembelewa na mtu. Hutafuta kurasa za watu wengine zenye orodha ya mambo ya kusoma juu ya ufugaji wa nyuki, akaangukia ukurasa wa maktaba ya chuo fulani cha kilimo, ulioandikwa zamani na kusahauliwa. Kwenye kivinjari chake ana programu ndogo ambayo hupita juu ya viungo vyote, kimoja baada ya kimoja, vilivyo hai ikavipaka kijani na vilivyokufa vikawiva wekundu. Naye, astaghafiru, huuona wekundu ule akatabasamu kama mtu aliyeokota pete. Kisha humwendea marehemu kwenye kumbukumbu za Internet Archive, ile hazina iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, akaangalia ukurasa uliokufa ulisema nini ulipokuwa hai: ulieleza namna ya kutengeneza mzinga wa sanduku, kwa vipimo na michoro. Hukaa chini akaandika mwongozo wake wa jambo lile lile, uwe na vipimo zaidi na picha zilizo bora, kwa sababu anajua kuwa mrithi akipungukiwa na marehemu hatapewa nyumba. Mwisho huandika barua pepe:

“Mheshimiwa Mkutubi, salamu na heshima. Katika ukurasa wako wa ufugaji wa nyuki nimeona kiungo cha nne kutoka juu, kile cha mizinga ya sanduku, hakifunguki tena. Nimeona vema nikuarifu ili wasomaji wako wasihangaike. Ikiwa utapenda kuweka kingine mahali pake, nami nimeandika mwongozo juu ya jambo hilo hilo, na anwani yake ni hii hapa chini. Usipokufaa, hapana lawama. Wako mtiifu.”

Tazama sasa maajabu yaliyotendeka. Mtu huyu hakutoka nyumbani kwake kutenda ihsani. Alitoka kutafuta jaha. Lakini ili aipate, imemlazimu asome maandishi ya mwenziwe hadi mwisho, jambo ambalo mwenye ukurasa mwenyewe hajalifanya kwa miaka. Imemlazimu afufue elimu iliyozikwa na kuiongezea. Imemlazimu aandike kwa adabu kwa mtu asiyemjua. Na imemlazimu ajifunze subira, kwa kuwa aghalabu ya barua hizi hazijibiwi, na atakayetuma nyingi akapata majibu machache huhesabiwa na wenziwe kuwa fundi. Waadhi wangapi wamesimama mimbarini wakashindwa kumtoa mchoyo mmoja kwa kazi nyingi namna hii? Kiungo kilichokufa hakikuwaidhi mtu. Kimelala tu pale kilipo, kikangoja, na walafi wakaja wenyewe na ufagio mkononi.

Wapo watakaonijibu kuwa kazi hii ina uchafu wake, nami sitauficha. Wapo wanaoandika barua kwa mashine, maelfu kwa siku, wakidai wamevutiwa na makala ambayo hawajaifungua. Wapo wanaokuarifu juu ya kifo cha kiungo kilicho hai na chenye afya, ili tu wapate pa kusemea. Wapo wabaya kuliko hao, wanaonunua jina la tovuti iliyoachwa, pengine ya shule au ya chama cha wakunga, wakalijaza matangazo ya kamari, ili heshima iliyojengwa na marehemu iwapandishe wao. Yote haya ni kweli, na yote ni madhambi ya walio hai. Aliyekufa hakumdanganya mtu, hakutuma barua, wala hakununua jina la mtu. Na sheria za watu wote zinakubali kuwa mirathi ikigombewa kwa hila, anayestahiki kushitakiwa si maiti. Fauka ya hayo, wezi hawa wenyewe hushuhudia thamani ya msifiwa wetu, maana hapana mwizi anayevunja mlango wa ghala tupu.

Wengine watasema, na hoja yao ina nguvu zaidi, kwamba ingekuwa bora viungo visife kabisa. Laiti ingekuwa hivyo, mhunzi wa sifa hizi angekosa kazi, lakini si yeye peke yake. Wakutubi wa sheria wa Harvard wasingalibuni Perma.cc, inayohifadhi nakala za kurasa zinazotajwa katika hukumu na majarida. Wikipedia isingalihitaji roboti zake zinazozunguka usiku na mchana zikibadili viungo vilivyokufa kwa nakala za kumbukumbu. Na sisi wengine tungaliendelea kuamini kuwa lililowekwa mtandaoni limewekwa milele, itikadi ambayo imewapotezea watu picha za harusi, insha za chuo na hesabu za maduka. Kila kiungo kinachokufa hadharani huwafundisha watu elfu kuweka nakala nyumbani.

Basi nawausia wenye tovuti, kabla sijaweka kalamu chini. Ikikufikia barua ya mtu usiyemjua, akikuarifu kwa upole kuwa kiungo fulani katika ukurasa wako hakifunguki, usiifute kwa hasira kabla hujakijaribu kiungo hicho kwa mkono wako. Kikiwa kizima, umemjua mwongo na kazi imekwisha. Kikiwa kimekufa kweli, kiondoe. Na mwongozo wa yule mtu usome kama unavyokagua samaki sokoni, ukiwa mzuri uweke, ukiwa mbovu uache, lakini kwa vyovyote umjibu neno moja la ahsante. Alikuja kwa ajili yake, hilo halina shaka. Illa ukurasa uliofagiwa ni wako, wala hujamlipa ujira.