Kifaru cha Gramu 840

Kifaru aina ya T-55 kina uzito wa tani 36 hivi. Wanaounganisha vifaru vya plastiki hupenda zaidi uwiano wa 1:35, na hapo hesabu za shule ya msingi hutudai tena: kitu kilichopungua mara 35 kwa urefu kimepungua vivyo hivyo kwa upana na kwa kimo, kwa hiyo uzito wake unagawanywa kwa 42,875. Jibu ni gramu 840, yaani samaki mmoja wa kukaangwa pale Dunga, kando ya ziwa letu mjini Kisumu, anayetosha watu wawili wenye adabu. Lakini plastiki iliyo sandukuni, ukishatoa karatasi ya maelekezo na stika, ni nyepesi kama miiba iliyobaki sahanini. Kila kifaru cha plastiki basi kimedanganya mizani kabla hakijafunguliwa, na wahakiki wa vifaru hivi hawakikatii alama hata moja kwa hilo. Wahakiki haohao wako tayari kukosa usingizi kwa ajili ya boliti iliyokaa nusu milimita kushoto. Nadhani wanapima kitu kisichofaa. Sifa ya kwanza ya sanduku la kifaru cha zamani ni msamaha: linamvumilia kiasi gani mtu anayekosea, katika nyumba inayokosea pamoja naye? Na kwa T-55 nadai zaidi ya hapo. Kwake msamaha ndio ukweli wa kihistoria wenyewe.

Tuanze na huo uwiano unaoheshimiwa kama msahafu. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwaka 1961, Panther wa Wajerumani, ndani yake palitakiwa kukaa mota na betri ili kitembee mezani. Kikapewa tumbo la kutosha kumeza betri, na kilipokuja kupimwa kikaonekana kimeangukia 1 kwa 35 hivi. Viwanda vingine vikafuata. Mtu anayejua kwamba kipimo chake kilizaliwa na betri, kisha akanuniana na mwenzake kwa nusu milimita, ni sawa na mtu anayeupimia ugali rula.

T-55 yenyewe, iliyoanza kutoka viwandani mwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1958, ilibuniwa na watu waliotarajia mambo yaharibike. Ilikusudiwa kuendeshwa na vijana walioitwa jeshini kwa lazima, na kutengenezwa na fundi mwenye nyundo na baridi vidoleni. Angalia nyuma yake uone gogo lililofungwa kwa mikanda. Si kuni. Kifaru kikizama topeni, gogo hufungwa kwenye minyororo, minyororo ikizunguka inalivuta chini, na kifaru kinapanda juu yake na kutoka. Yaani mhandisi alikaa ofisini na kalamu yake, akakubali mapema kwamba siku ya aibu itafika, akaifungia mti. Dereva yeyote wa matatu aliyewahi kuacha lami karibu na Ahero wakati wa masika, akaingia kwenye udongo mweusi wa Kano, angemwelewa mhandisi huyo bila mkalimani. Na ng'ambo ya ziwa letu hilihili, kule Lukaya nchini Uganda, Machi 1979, T-55 za kikosi cha Libya na Uganda zilikutana na Watanzania kwenye barabara iliyoinuliwa juu ya kinamasi, mahali ambapo ukiacha njia umeacha vita. Mashine iliyoumbwa kwa ajili ya matope haiwezi kuwakilishwa kwa haki na sanduku linaloogopa vumbi.

Sasa tulilete sanduku hilo Kisumu, katika nyumba ya kawaida ya Migosi au Nyalenda, mabati juu, sakafu ya saruji chini. Kipande nambari C27, kishikio cha mfuniko wa kichwa cha kifaru, kisichozidi jicho la omena, kinakatwa kwenye kikonyo chake. Kikoleo kinabana. Kipande kinaruka. Kwa kanuni za fizikia ya mji huu, kilichoruka hutua chini ya kochi, kwenye ufa wa sakafu, au mbele ya kuku aliyeingia kupunga upepo, na mara zote kuku huwahi. Sanduku jema linajua kuhusu kuku: limeweka vishikio viwili vya akiba bila kusema kitu. Supaglu nayo hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewa, na unyevu ndiyo mali ambayo mji wa ziwani haujawahi kukopa kwa jirani. Hushika vidole kabla haijashika kifaru. Gundi inayoyeyusha plastiki ina subira zaidi, ila mvua ya alasiri ikianza ghafla kuyapiga mabati, mkono unashtuka, na alama ya kidole gumba inabaki milele kwenye bamba la mbele lililobuniwa kuzuia makombora. Rangi ya thina ikipulizwa hewa ikiwa nzito hupata ukungu mweupe, kifaru kikaonekana kimepauka kama mtoto aliyekwenda shule bila kupakwa mafuta. Kisha jioni taa inawashwa, na wale wadudu wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi wanaifuata, wanaikuta rangi mbichi, wanatua. Wakishakauka wanafanana sana na boliti. Mhesabu boliti asipoangalia, atawapa alama.

Stima ikipotea, kazi inahamia kwenye tochi ya simu, na kila cha kushoto kinawekwa kulia. Hapo ndipo masanduku yanapotengana. Lililobuniwa kwa huruma lina tundu la mraba upande mmoja na la duara upande wa pili, hivi kwamba hata mtu aliyefumba macho hukataliwa na plastiki yenyewe. Lisilo na huruma hukubali kila kitu na kukuadhibu hatua ya 31. Kuna masanduku, na MiniArt ya Ukraine ni mfano maarufu, yanayokuuzia T-55 pamoja na matumbo yake: injini, viti, makombora, vipande vinavyopita elfu moja, na minyororo ya kuunga pingili kwa pingili, 90 hivi kila upande. Ni kazi ya kustaajabisha, sikatai. Baadaye mfuniko unafungwa na injini haionekani tena, kama sufuria za harusi zinazokaa kabatini. Kwa anayetaka kushinda na pingili miezi miwili, safi. Kama kipimo cha ubora, hapana.

Wahesabu boliti watajibu kwamba nikiuacha usahihi, nimebaki na kigari cha mtoto, na vigari vya watoto tunavyo tayari, vya waya na magurudumu ya kandambili, bure. Hoja ina uzito, nami nainama kidogo. Kuna makosa mawili nisiyosamehe. T-55 ina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili pana pengo kubwa kuliko mengine. Pengo hilo likihamia nyuma, umeanza kutengeneza T-62. Kosa la pili ni kile kifuniko cha hewa kinachofanana na kikombe kilichopinduliwa juu ya kichwa cha T-54. T-55 haina. Type 59 ya Wachina, ambayo Tanzania ilikuwa nayo, inacho. Kwa hiyo kikombe kimoja kinaweza kukihamisha kifaru chako jeshi zima, na kosa hilo halihitaji mhakiki. Mstaafu yeyote wa jeshi atalisema akiwa bado mlangoni. Maumbo yanayomwambia mtu hiki ni nini na ni cha nani lazima yawe kweli. Boliti hazimwambii hivyo. Na kile kigari cha waya, kwa taarifa yao, kikipinda hunyooshwa kwa mkono na safari ikaendelea, jambo ambalo sanduku ghali mno la ng'ambo halijaweza.

Wengine watasema bei: kitu kimesafirishwa kutoka mbali, kimelipiwa ushuru, basi kiwe kamili. Nakubaliana na hasira yao, sikubaliani na mahali wanapoielekeza. Aliye jirani na kiwanda akivunja mtutu anaomba mwingine. Aliye Kisumu akivunja mtutu anasubiri barua pepe, halafu anasubiri kifurushi, halafu anaambiwa kifurushi kiko Nairobi. Kadiri kiwanda kinavyokuwa mbali ndivyo msamaha unavyopanda thamani, na bei kubwa ni sababu ya kuudai zaidi. Isitoshe, Wakenya tumeshajifunza kutoamini maandishi ya juu ya mzigo. Mwaka 2008 meli ya MV Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ikasema ni vyetu, na nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja baadaye zikasema vilikuwa vya Sudan Kusini. Baada ya hapo, picha ya kupendeza juu ya boksi la plastiki itatutisha na nini?

Kwa hiyo anayetaka kulihakiki sanduku asianze na lenzi. Atafute gogo. Likiwepo, nyufa za gome zikionekana na mikanda yake ikifunga bila vita, waliolichonga waliielewa T-55. Likikosekana, au kuku akiwa amelitangulia, atoke nje akate kijiti cha mpera cha sentimita nane na kukifunga pale nyuma kwa uzi. Ila akianike kwanza. Kwa hewa ya Kisumu, kijiti kibichi huchipua kabla minyororo haijaisha.