Tuachieni Mkia: Barua ya Wazi kwa FDA

Kwa: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA)
Yah: Mbuzi kwenye gunia

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Anayewaandikia ni mgeni wa nchi yenu, ila si mgeni wa nyama. Nimekulia Morogoro, ambako mwenye bucha akichuna mbuzi humwachia mkia, ukaning'inia pale kwenye ndoana mchana kutwa. Si kwamba kuna anayeugombania. Kazi yake ni moja tu: mteja aone kwa macho yake kwamba anachokatiwa ni mbuzi.

Kwanza pongezi. Tarehe 15 Januari 2008, baada ya miaka ya uchunguzi, mlitangaza kwamba nyama na maziwa ya kloni (mnyama aliyenakiliwa maabara) wa ng'ombe, nguruwe na mbuzi ni salama sawa na ya mnyama tuliyemzoea. Kondoo mkamweka kando, data zake hazikutosha. Hapo niliwavulia kofia. Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996 na kuipa dunia nzima habari za kloni, alikuwa nani kama si kondoo? Aliyefungua mlango kaachwa barazani! Lakini watoto wa kloni mliwapitisha wote, hata wa kondoo. Yaani mama bado anasubiri karatasi, mwanawe yuko sahanini.

Siku hiyohiyo wenzenu wa Wizara ya Kilimo wakawaomba wafugaji waendelee, kwa hiari yao, kuwazuia kloni wenyewe wasiingie sokoni. Ujumbe nikaupata: nyama ni salama kabisa, tafadhali msiiuze kwanza. Kwetu mpishi akisifu chungu chake huku kakikalia kifuniko, wageni huanza kuaga.

Kuhusu lebo, mlisema haina ulazima, kwa kuwa chakula chenyewe hakina tofauti na kingine. Hoja nzuri. Nilikwenda nayo supamaketi, ikanigeuka. Juisi ya chungwa iliyopunguzwa maji kiwandani kisha ikarudishiwa, sharti iandikwe hivyo. Nyama iliyopigwa mionzi, ambayo ninyi wenyewe mwasema ni salama, sharti ibebe alama yake na maneno yake. Kumbe chungwa lina haki ya kusimulia safari yake! Ila ng'ombe aliyeanza kama chembe ya ngozi, ikatiwa kwenye yai la ng'ombe mwingine lililotolewa kiini, likashtuliwa kwa umeme, mimba ikabebwa na wa tatu, huyo hana la kusimulia.

Wala msiniambie hawajulikani. Mwaka 2007 kampuni mbili kubwa za kloni nchini mwenu zilitangaza mpango wa kumsajili kila kloni na kumpa kitambulisho. Safi sana, mali bila daftari huisha bila habari. Tatizo ni kwamba kloni ni ghali mno kuishia kwenye mshikaki. Anafugwa kwa ajili ya mbegu, na wanaofika machinjioni ni watoto na wajukuu, ambao daftari haliwajui. Waulizeni Waingereza. Agosti 2010 wakala wao wa viwango vya chakula ulitangaza kwamba fahali aliyetokana na kiinitete cha ng'ombe wa kloni kutoka Marekani alikuwa amekwisha kuchinjwa na nyama yake imeliwa. Walaji walipata habari mwaka mzima baada ya kunawa mikono.

California walijaribu. Mwaka 2007 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuweka lebo kwenye chakula cha kloni, nao ukafika mezani kwa Gavana Arnold Schwarzenegger. Huyu ndiye aliyecheza filamu ya The 6th Day, mtu anarudi nyumbani jioni, anamkuta kloni wake sebuleni na familia yake. Kwa dakika kama 120 alihangaika kutafuta nani kamnakili bila kumwambia. Nikajua muswada umepata mwenyewe. Akaukataa.

Waheshimiwa, sisemi mna lengo baya. Wala siombi marufuku, kama wabunge wa Ulaya walivyoitaka Septemba 2015 kwa kura 529 dhidi ya 120. Mkisema nyama hii haitaniumiza tumbo, nawaamini. Maabara ni zenu. Ila tumbo si kiungo pekee kinachokwenda sokoni. Yupo anayeuliza kwa sababu ya dini yake, yupo anayemwonea huruma mnyama, yupo asiyetaka tu na hana sababu. Wote hao wanatoa fedha halali, na hakuna sheria inayomlazimu mnunuzi kujieleza. Mwenye kujieleza ni muuzaji.

Kama kloni ni fahari ya sayansi, iandikeni kwa herufi kubwa. Naomba neno moja kwenye pakiti, kwa kloni na kwa uzao wake, anayependa anunue, asiyependa apite.

Kwetu Morogoro, mwenye bucha akikata mkia kabla wateja hawajafika, hakuna anayemshtaki. Huachiwa mbuzi wake.

Wenu katika kutafuna,
Mla Nyama