YAH: Kuomba Jina la Babu Mmoja

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola,
Maidenhead, Uingereza.

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nafundisha historia katika shule ya kata ambayo maktaba yake ni kabati moja, na ufunguo wa kabati hukaa kwa makamu mkuu wa shule. Hivyo tulipofika Vita Kuu ya Kwanza niliweka bando, nikawaambia vijana wajitafutie wenyewe mtandaoni jinsi vita hiyo ilivyopiganwa hapa kwetu.

Wamejifunza mengi. Wanajua kuwa Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na askari wao wa Kihindi, nyuki waliwavamia. Mtandao unawasimulia nyuki hao kana kwamba walikuwa na vyeo katika jeshi la Mjerumani. Wanajua meli ya Mjerumani ya Königsberg iliyofikwa na mauti yake kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na mizinga yake iliyoopolewa majini ikaburutwa maporini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Picha zake ni safi, unaona hadi kutu. Nilipotoa jaribio nikataka watajwe washiriki watatu wa vita hiyo, wengi wakaandika makamanda von Lettow-Vorbeck na Smuts, na nyuki. Kwa vyanzo walivyonavyo, sikuona pa kuwakata alama.

Binti mmoja akauliza: waliouburuta mzinga wako wapi? Nikamwambia hao walikuwa wa Mjerumani, ila kwa waliowabebea Waingereza nikamwelekeza kwenu, maana ninyi ndio wenye daftari la wafu wao.

Ukurasa wenu wa kutafutia marehemu ni nadhifu. Unataka jina la ukoo, kikosi, namba ya utumishi, tarehe ya kufa. Wapagazi waliowabebea Waingereza wanakadiriwa kufika karibu milioni moja, wengi wakichukuliwa vijijini kwa nguvu, kwa kuwa mbung'o walimaliza wanyama na mzigo haujibebi. Makadirio ya waliokufa hupita 90,000: kuhara damu, malaria, njaa. Watu hawa hawakufa kwa tarehe. Walianguka njiani na msafara ukapita. Kijana mmoja mwenye bidii, penye namba ya utumishi, alijaza uzito wa mzigo.

Sisemi mmeficha. Ripoti yenu wenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mkaomba radhi, tukapokea. Ila mngewatendea haki pia magavana wenu, ambao waliona mbali. Wa Gold Coast alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida wa kule asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Wa kwetu Tanganyika, Horace Byatt, alimzidi: alitaka makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi, na takwimu za waliokufa hakupenda hata kuzifikiria. Vijana wangu nao hawapendi takwimu, lakini hakuna aliyewahi kuniomba nizioteshee nyasi.

Kanuni yenu kwamba wafu wote ni sawa, bila kujali cheo, rangi wala imani, nimeibandika ukutani. Darasa linaipenda sana. Linauliza ilianza kutumika lini.

Ni kweli tulipewa sanamu. Tangu 1927 askari wa shaba amesimama katikati ya Dar es Salaam na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi, chini ya miguu yake, mahali walipozoea.

Nawapongeza pia kwa Cape Town, mlikozindua mwaka 2025 kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika utumishi wa vibarua wa vita hiyo. Nilimpa mwalimu mwenzangu wa hisabati kazi ndogo: ikiwa majina 1,700 yamechukua miaka 107 tangu vita kwisha, majina 90,000 yatachukua miaka mingapi? Amepata zaidi ya 5,600. Tutasubiri.

Kwa sasa naomba jambo moja. Bibi wa yule binti hajui kikosi cha babu yake mwenyewe, aliyekuwa mpagazi, wala namba. Anajua kijiji alikotolewa, jumbe aliyemtaja, na kwamba aliondoka mtama ukiwa shambani haujavunwa. Ongezeni visanduku vitatu kwenye ukurasa wenu: kijiji, jumbe, msimu. Hata kama jibu litakuwa lilelile, hakuna, angalau mtakuwa mmemuuliza kitu anachokijua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Kidato cha Tatu