Elimu ya Tairi Kipara

Miongoni mwa mali ambazo mkulima wa kando ya Mlima Meru anaweza kumiliki, trekta kuukuu ndilo pekee linaloheshimiwa zaidi likiwa limesimama kuliko linapotembea, kwa kuwa likisimama uani huhesabiwa kuwa utajiri, ilhali likitembea humfilisi mwenyewe polepole, kuanzia kwenye magurudumu. Suala la kumpatia mzee huyo wa chuma matairi ya nyuma kwa bei isiyozidi thamani yake mwenyewe linastahili kuchunguzwa kwa utulivu wa kitaaluma, utulivu ambao mwandishi wa insha hii, mwenye Massey Ferguson 135 na ekari chache upande wa Kisongo, hakuwa nao siku alipouhitaji.

Haja yenyewe hutokana na ardhi. Udongo ambao Meru iliwaachia wakulima wake kwa milipuko ya karne nyingi huwa vumbi wakati wa kiangazi na sabuni wakati wa masika, na kwa hiyo tairi kipara, yaani lile lililokwisha kashata, kama mafundi wanavyoyaita matuta ya mpira yanayong'ata ardhi, huzunguka palepale kama mcheza ngoma huku plau likisubiri nyuma kwa adabu. Miba ya migunga nayo humalizia kazi ambayo utelezi uliianza.

Tairi la nyuma ambalo trekta la aina hiyo huvaa kwa kawaida ni 12.4-28, maandishi ambayo kwa asiyeyajua hufanana na namba ya wimbo kanisani, lakini ambayo kwa hakika ni elimu kamili: namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu, yaani duara la chuma linalobeba tairi, na kistari kilicho katikati huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepishana kimshazari, tofauti na tairi ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, ambalo mahali pa kistari huandikwa herufi R. Maarifa haya yote yamechapwa ubavuni mwa kila tairi, bure, kwa herufi za kusomeka. Mwandishi aliyasoma baada ya kulipa.

Ajabu ni kwamba utafutaji huu hufanyika Arusha, mji ambao wenyewe uliwahi kutengeneza matairi. Kiwanda cha General Tyre, kilichojengwa Njiro kwa ubia wa Serikali na kampuni ya Marekani ya General Tire, ambayo mwaka 1987 ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, kilianza uzalishaji mwaka 1971 na kusimama mwaka 2007, kikaacha majengo na kumbukumbu. Na kumbukumbu hizo, kwa kuwa hazilipiwi kodi ya ghala, zimebaki sokoni hadi leo. Ndiyo maana muuzaji mmoja wa matairi ya mtumba, alipoulizwa kwa nini anataka bei kubwa hivyo kwa tairi lililokwisha kupauka, alijibu kwa heshima zote: "Mzee wangu, hili ni la Njiro. Siku hizi hawatengenezi tena kama hili." Kauli hiyo, ikichambuliwa neno kwa neno, ni ya kweli tupu, maana siku hizi Njiro hawatengenezi kama hilo wala lisilo kama hilo, na tairi linalosifiwa hivyo haliwezi kuwa changa kuliko mwaka 2007.

Muuzaji wa pili alikuwa na tairi lililong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na kwa sababu ileile: lilikuwa limepakwa rangi. Umri wa tairi husomwa katika tarakimu za mwisho za namba ya kiwandani, ambazo tangu mwaka 2000 zimekuwa nne, mbili za juma na mbili za mwaka, hivi kwamba 2309 humaanisha juma la 23 la mwaka 2009. Rangi ilipofutwa kwa kitambaa, zilijitokeza tarakimu tatu tu, na tatu maana yake ni karne iliyopita. Rangi hiyo ilifutiwa nyumbani, baada ya kulipa.

Tairi hilo lilikuwa 13.6-28, tofauti ambayo mdomoni ni ndogo na ambayo muuzaji aliieleza kuwa ni "nyongeza," lakini ambayo gurudumu likisimamishwa hufikia sentimita tano hivi za kimo. Kwa kuwa mfuko uliruhusu tairi moja tu, trekta lilirudi shambani na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, plau likawa linachimba kaburi upande mmoja na kukwaruza upande wa pili, na difu, yaani gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, ikafanya kazi mchana kutwa hata pasipokuwa na kona. Dereva, aliyekaa kiupande tangu alfajiri, alishuka jioni akitembea hivyohivyo, na majirani wakamsikitikia mkewe kwa kudhani kwamba mumewe ameanza kunywa.

Kulirekebisha kosa hilo kulihitaji jozi ya 12.4-28 iliyolingana, iliyosafiri toka mjini kwa kifodi, kama hiace za abiria zinavyoitwa Arusha, ambamo konda alitoza kila tairi nauli ya watu wawili na akakataa kulipunguzia lolote kwa hoja ya uanafunzi. Fundi pancha aliyeitwa kuyafunga hakuambiwa kwamba matairi ya trekta huongezwa uzito kwa kujazwa maji kiasi cha robo tatu, jambo linalosaidia kashata kuishika ardhi. Alipofungua valvu ya lile kubwa, ambayo busara hutaka kwanza izungushwe juu, alitarajia upepo na akaogeshwa. Akiwa bado anatweta, alifunga tairi moja kinyume, wakati sheria ni kwamba ncha ya alama ya V inayochorwa na kashata itangulie kugusa ardhi ili tope lisukumwe pembeni, na ikabidi kazi ianze upya.

Tairi la zamani, lile kipara, lilinunuliwa na fundi wa akala, viatu vinavyokatwa kutoka mpira wa matairi na kuvaliwa na wafugaji wa nyanda hizo. Fundi huyo alichuchumaa, akasoma ubavu, akauliza kama ni la nailoni au la waya, kwa kuwa waya humharibia kisu, akalipinda kwa goti, akapima unene kwa kidole gumba, akanyamaza kidogo, kisha ndipo akataja bei. Katika mkasa wote huu, yeye ndiye mnunuzi pekee aliyelichunguza tairi kabla ya kutoa fedha, naye alikuwa akinunua lililokwisha kufa. Mwenye trekta kuukuu anayekwenda mjini kutafuta tairi anashauriwa amtangulize huyo.