Namna ya Kufunga Mzigo wa Data Ukiwa Gongoni

Ukiwa Gongoni, hapa Tabora, na kazi yako ni kukusanya mauzo ya asali ya wilaya zote saba za mkoa, usikae na kipanya ukitengeneza kifurushi kimojakimoja ndani ya SSIS, zana ya kuhamisha data. Leo Sikonge, kesho Kaliua, kesho kutwa Igunga. Ukifika Uyui umeshasahau ulichoandika Sikonge. Andika msimbo mmoja, uvitengeneze vyote saba.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikutanika hapa, Kazeh ya zamani, ambako njia ya Ujiji iliachana na ile ya Karagwe na Buganda. Mzigo ulifungwa kwanza, ndipo kirangozi, kiongozi wa msafara, akashika njia. Nawe funga kwanza.

Ndani ya msimbo wako, kipe chanzo, yaani sehemu ya kifurushi inayosoma data, muunganisho wake. Weka AccessMode iwe 2, ili kisome ulizo badala ya jedwali zima, kisha andika ulizo lenyewe kwenye SqlCommand: tarehe, kilo, bei, wilaya. Wengi huishia hapo, na ndipo ninapokuomba utulie. Ulizo limeandikwa, lakini hakuna aliyelipeleka. Ita AcquireConnections, halafu ReinitializeMetaData, kisha ReleaseConnections. Hiyo ya katikati ndiyo inayobisha hodi kwenye hifadhidata na kuuliza: safu zenu ni zipi, za aina gani? Ukiiruka, chanzo kitakuwepo bila safu hata moja ya kukabidhi mbele.

Jina la wilaya linaloingia kwenye ulizo lichukue kwenye orodha yako mwenyewe ya saba. Lisitoke kamwe kwenye kisanduku anachojiandikia yeyote apitaye.

Ukitaka ulizo libadilike wakati kifurushi kinakwenda, AccessMode iwe 3 na ulizo likae ndani ya kigeu. Maneno yanaweza kubadilika. Safu na aina zake, hapana. Hili nililijua saa tano usiku, kwa wilaya moja iliyohifadhi kilo kama maandishi huku wenzake wakitumia namba. Kifurushi kiligoma, nami nikawa napekua nywila, nikidhani kosa liko huko. Dawa ilikuwa ndani ya ulizo: CAST(kilo AS decimal(10,2)), na kwa wilaya zote saba, hata zile zisizoumwa.

Siku ya kwanza usiviachie vifurushi vyote. Tuma cha Urambo peke yake, hesabu mistari iliyotoka na iliyoingia. Ikilingana, fungulia kinachofuata.