Jogoo wa Mama Mkwe

Mtaani kwetu Tabata watu hufuga kuku ili wale mayai. Mimi nafuga kuku ili ukoo usininunie. Nyuma ya jiko nina mitetea tisa na majogoo watatu, hesabu ambayo bwana mifugo akiisikia hushika kichwa. Kanuni inajulikana: jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi. Ukizidisha majogoo, gharama inaangukia mitetea. Kuna mmoja wa madoadoa, mgongo umebaki ngozi tupu toka mabawani hadi mkiani, manyoya yote yameng'olewa na kucha za waheshimiwa wanaompanda kwa zamu kabla maskini hajamaliza hata kunywa maji.

"Si uwapunguze?" Kila mgeni hunishauri hivyo, macho yake yakielekea jikoni. Hawajui kwamba hapo bandani hakuna jogoo niliyemtafuta. Wa kwanza ni wa Mama Mkwe. Alitoka Singida ndani ya tenga, na salamu juu: mkwe wangu amfuge, awakumbuke wazee. Wa pili ni wa Baba Mdogo wa Tabora, kuchi halisi, miguu mirefu, shingo ndefu, kifua wazi, ukoo wa majogoo ambao watu walikuwa wakiwapambanisha ili kujifurahisha. Wa tatu tunamwita wa Deni. Jamaa mmoja nilimkopesha hela, alipochoka kuona simu yangu ikiita kwake akaleta jogoo, akasema tumemalizana.

Sasa, kama bandani vyeo vingefuata ukoo, nisingekuwa na la kulalamika. Mama Mkwe angekuwa juu, Baba Mdogo angemfuata, wa Deni angeshukuru kupewa maji. Lakini kuku wana serikali yao. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku tangu akiwa mtoto, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kila kuku bandani anamjua anayeweza kumdonoa na asiyethubutu kumgusa. Kuhusu mama wakwe hakuandika neno.

Basi siku majogoo wangu walipokutanishwa walisimama kando ya ndoo, vichwa chini, manyoya ya shingo yamesimama, kila mmoja anajifanya anaokota kitu. Kuchi hakuchelewa. Aliruka mara mbili, kipi chake kikampata wa Mama Mkwe chini ya jicho, shughuli ikaisha. Wa Deni akatoka pembeni, akampiga aliyekwisha pigwa, akajipatia umakamu kwa bei rahisi.

Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo wa mchele.

"Ndivyo mlivyo watu wa Tabora," akasema.

"Kwani mimi ndiye niliyempiga?"

Hakunijibu. Chakula cha usiku nilipakua mwenyewe.

Tangu hapo alfajiri kwangu ni taarifa ya habari. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha kwamba majogoo wanaokaa pamoja huwika kwa kufuata vyeo: mkubwa huanza, wengine husubiri zamu zao. Majogoo wangu hawajasoma, lakini hawakosei. Saa kumi anaanza kuchi, anafuata wa Deni, halafu kimya kirefu. Ndipo wa Mama Mkwe anatoa kisauti cha mtu anayebisha hodi kwa mdai wake.

"Umesikia?" mke wangu ananiuliza gizani. "Hata kuwika anaomba ruhusa."

Methali ya jogoo la shamba kutowika mjini imepigwa marufuku nyumbani. Niliitamka siku moja kwa utani, nikalala sebuleni.

Huyo wa Mama Mkwe mwenyewe ana akili zake, sitaki kumdhulumu. Jogoo akipata punje huwaita mitetea: anatoa mlio, anainamisha kichwa, anaiokota, anaiachia, anaiokota tena. Wa Mama Mkwe anafanya yote hayo bila sauti. Anajibanza nyuma ya pipa, anainama na kuinuka, punje iko mdomoni, jicho moja kwa mtetea, jingine kwa kuchi. Watafiti wameliona jambo hili pia: jogoo mnyonge hutongoza kimyakimya ili mkubwa asisikie. Nilijaribu kumwonyesha mke wangu ili apate faraja. Akasema kwao hakuna mwanamume wa kujificha nyuma ya pipa.

Ushauri ukamiminika. Jirani akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nimfunge kuchi. Fundi akasema niweke uzio wa waya katikati, waonane bila kugusana. Nikanunua waya, mbao na misumari, hela niliyokuwa nimeitenga kwa rangi ya chumba cha watoto. Jogoo wa Mama Mkwe akahamia upande wake peke yake, chakula mbele, maji mbele, adui hayupo. Mke wangu akaja, akaangalia, akauliza, "Sasa umemfunga?"

Ndipo Mama Mkwe mwenyewe akaja kututembelea. Nilikuwa nimeshafungua uzio ili asione jela. Akaketi mkekani na chai yake, mimi nikamwaga pumba. Kuchi akala, wa Deni akala, mitetea wakala. Jogoo wake akasimama pembeni akisubiri wenzake washibe.

"Baba, huyu wangu mbona anakula makombo?"

Nikaanza kumweleza habari za yule Mnorwei. Akaninyooshea kiganja.

"Yule mrefu wa nani?"

"Wa Baba Mdogo, Mama."

"Ameshakua. Anafaa kwa wali."

Mama mkwe hapingwi. Kuchi aliingia sufuriani saa tano, na kwa ugumu wa nyama yake tulimla usiku. Nikaagizwa nimpigie Baba Mdogo nimwambie mdondo umepita. Mdondo ukiingia banda lisilochanjwa unaweza kulifagia lote. Huu wa kwangu ulichagua mmoja.

Alfajiri iliyofuata nyumba nzima ilikuwa macho kusubiri haki itendeke. Nilikuwa najua kinachokuja, kwa sababu wale Wajapani walieleza pia kwamba mkubwa akiondolewa, anayeanza ni makamu. Saa kumi kamili wa Deni akapasua anga.

Sauti ikatoka chumba cha wageni. "Huyo naye wa nani?"

"Wa deni, Mama."

"Lilishalipwa?"

"Lililipwa kwa huyohuyo jogoo."

"Basi ni mali yako. Mchana tutamla."

Hivi ninavyoandika, jogoo wa Mama Mkwe amepita bila kupingwa. Anawika alfajiri, anawika adhuhuri, anawika mke wangu akitabasamu. Mgongo wa yule mtetea wa madoadoa umeanza kuota vinyoya, na banda, nakiri kwa shingo upande, lina utulivu ambao hesabu ya bwana mifugo iliahidi.

Ila jana Baba Mdogo kanipigia. Amenipa pole ya mdondo, akaniambia nisihuzunike, amepakia mwingine, ndugu wa baba mmoja na marehemu ila huyu ana mwili zaidi. Nimpokee kesho stendi ya Mbezi.

Mama Mkwe ameahirisha safari ya Singida.